Kulea Watoto Nje ya Nyumba Unayolala: Kwa Nini Jengo Moja Hupata Majibu Tofauti

Mlezi aliyezoea kulea watoto watano au sita sebuleni kwake hufika mahali nyumba ikamshinda. Magodoro yamejaa kwenye korido, wenye nyumba hawana pa kukaa jioni, na vitu vya kuchezea vimetambaa mpaka chumba cha kulala. Pembeni kuna jengo: gereji isiyo na gari, kijumba cha uani, au nyumba ya pili ambayo mpangaji wake ameondoka. Wazo linakuja lenyewe. Watoto wale wale, ratiba ile ile, mlezi yule yule, ila mlango mwingine.

Akiuliza wenzake hupewa majibu matatu. Mmoja humwambia jengo ni lako, hamia tu. Wa pili humtisha: ukishatoka kwenye nyumba unayoishi, umeshakuwa kituo, na masharti ya kituo huyawezi. Wa tatu humpa mbinu: weka kitanda pale, ulale siku mbili tatu kwa wiki, mambo yaishe. Jibu la kwanza ni la hatari, la tatu ni ujanja usiodumu, na la pili ni kweli katika sehemu nyingi, lakini si zote. Tuanze na maana za maneno yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi hupotezana.

Malezi ya nyumbani ni huduma ya kutwa anayoitoa mlezi mmoja, pengine na msaidizi, kwa watoto wachache wa umri mchanganyiko, ndani ya nyumba ya kuishi watu. Kituo cha kulelea watoto ni mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, penye wafanyakazi, na mara nyingi watoto hugawanywa kwa umri. Hapa ninazungumzia kile kinachokaa katikati: huduma yenye umbo la nyumbani lakini iliyo katika jengo ambalo mlezi haishi. Jengo hilo lenyewe linaweza kuwa la aina tatu, na tofauti yake ni kubwa: liko kwenye kiwanja kimoja na nyumba yako, ni nyumba ya kuishi iliyo kwingine, au halikujengwa kuwa nyumba kabisa, mfano fremu ya duka au ukumbi wa kanisa.

Sasa, kwa nini sheria ijali mlezi analala wapi? Fikiria gari la familia linalowapa lifti watoto wa jirani kila asubuhi. Hakuna anayelidai leseni ya abiria. Mwenye gari akinunua lingine la ukubwa ule ule na kulitenga kwa kubeba watoto kwa malipo, magurudumu ni yale yale lakini maswali yanabadilika: nani amelikagua, nani analisimamia, bima yake ni ya aina gani. Malezi ya nyumbani yalipewa masharti mepesi kwa sababu kadhaa zilizokwenda pamoja. Watoto ni wachache. Jengo limeshakubaliwa kuwa linafaa binadamu kulala. Mlezi anaishi humo, kwa hiyo harufu ya gesi au waya uliochakaa humkuta yeye kabla ya watoto. Tena serikali husita kuingia sana kwenye nyumba ya mtu. Ukihamia jengo la pembeni, sababu hizi haziji zote. Uchache wa watoto unakuja nao, hadhi ya kuwa nyumba inategemea jengo, na suala la kuishi humo linabaki nyuma. Nchi na majimbo hutofautiana kwa sababu kila moja imeamua sababu ipi kati ya hizo ina uzito zaidi.

Marekani ni mfano mzuri wa vurugu hii, kwa kuwa kila jimbo lina sheria yake. California inaruhusu malezi ya nyumbani ya hadi watoto 14, lakini sheria yake inasema wazi kuwa nyumba hiyo ni ile anayoishi mlezi, iwe ameipanga au ni mali yake. Michigan inataka mwenye leseni awe anaishi humo kwa kudumu kama mmoja wa kaya. Hapo ndipo mbinu ya kitanda inapofia: mkaguzi haangalii godoro, anaangalia maisha yako yako wapi. Barua zako zinafika wapi, nguo zako ziko wapi, familia yako inalala wapi. Texas nayo inahesabu kuwa kituo mahali popote panapolea watoto 7 au zaidi nje ya nyumba ya mwenye kibali. Hakuna mahali sheria hiyo inapouliza kama pana zulia la nyumbani na picha ukutani.

New York imechagua kukata kwa namna nyingine. Huko kuna daraja la kituo kidogo, hadi watoto sita, kwa ajili ya huduma iliyo nje ya makazi. Ni jina la kituo kwa idadi ya nyumbani, na kwa mlezi mdogo mwenye fremu mahali pazuri ni njia ya kufikiriwa.

Minnesota ndiyo imekwenda mbali zaidi. Sheria yake inaruhusu huduma ya watoto 14 au pungufu, iliyo nje ya makazi ya mwenye leseni, ipewe leseni kwa kanuni zile zile za malezi ya nyumbani, ikiwa moja ya masharti yaliyotajwa imetimia. Mojawapo linamhusu moja kwa moja mlezi tuliyeanza naye: mwenye leseni awe yeye mwenyewe ndiye mlezi mkuu, na jengo liwe nyumba ya kuishi iliyo kwenye kiwanja cha makazi. Njia nyingine zinahusu mwajiri anayetaka huduma kwa watoto wa wafanyakazi wake, au kanisa na taasisi ya dini. Tazama walichokubali kukiachia: si lazima ulale pale, lakini lazima uwe pale. Kwangu hiyo ni busara. Mlezi anayelala mtaa wa pili lakini yuko na watoto kutwa nzima ni salama kuliko mwenye nyumba anayelala humo na kuwaachia wasaidizi kazi.

Katika baadhi ya nchi za Ulaya mlango umefunguliwa kwa sheria kabisa. Ujerumani inatambua malezi ya kutwa yanayofanyika nyumbani kwa mlezi, nyumbani kwa wazazi, au katika vyumba vingine vinavyofaa, na kibali cha mlezi mmoja kwa kawaida ni cha hadi watoto watano kwa wakati mmoja. Ufaransa ilipitisha sheria Juni 2010 iliyowaruhusu walezi wa nyumbani wenye kibali kukusanyika katika nyumba ambayo hakuna hata mmoja wao anayeishi. Leo wanaweza kuungana hadi sita, ila wasiozidi wanne wawe kazini kwa wakati mmoja, na watoto wasizidi 20. Uingereza, upande wa England, walezi waliruhusiwa kwanza kutumia sehemu tu ya muda wao nje ya makazi. Tangu Novemba 1, 2024 mtu anaweza kusajiliwa kuwa mlezi asiyetumia nyumba ya kuishi kabisa. Kwa hiyo anayesema kuwa nje ya nyumba lazima uwe kituo anasimulia sheria ya kwao. Aulizwe ni ya wapi.

Kuna imani nyingine inayosambaa sana: watoto wakiwa wachache mno, sheria haikuhusu. Wakati mwingine ni kweli, lakini msamaha wa namna hiyo mara nyingi umeandikwa ukimlenga mtu aliye nyumbani kwake, au anayelea watoto wa ndugu. Ukihama, msamaha unaweza usihame nawe. Halafu kuna nchi zisizoanza na idadi. Ujerumani inamtaka mlezi awe na kibali akilea nje ya nyumba ya wazazi, kwa malipo, zaidi ya saa 15 kwa wiki, kwa kipindi kinachokusudiwa kuzidi miezi mitatu. England huanza na malipo na saa: zaidi ya saa mbili kwa siku, mtoto akiwa chini ya miaka minane. Hata mtoto mmoja anatosha.

Hapo ni leseni tu. Ugumu wa kweli ni kwamba ofisi ya leseni si peke yake. Kuna ya mipango ya ardhi, ya majengo na zimamoto, kampuni ya bima na mamlaka ya kodi, na kila moja ina kipimo chake cha nini ni nyumbani. Hawapatani, na wala hawalazimiki kupatana.

Mipango ya ardhi ni fupi kueleza. Eneo la makazi huruhusu makazi na shughuli ndogo zinazofanywa na mkazi ndani ya nyumba yake. California inawalinda walezi hapa: tangu 2020 huduma ya nyumbani, ndogo hata kubwa, inahesabiwa kuwa matumizi ya makazi, na jiji haliwezi kuidai kibali maalumu cha ardhi. Ulinzi huo umefungwa kwenye nyumba anayoishi mlezi. Nyumba ya mtaa wa pili, na pengine gereji uliyoigeuza, inarudi kwenye foleni ya kawaida ya kuomba ruhusa, majirani wakapewa nafasi ya kusema juu ya kelele na magari ya asubuhi.

Majengo na zimamoto ndiko fedha zinakoishia. Kanuni ya kimataifa ya majengo, ambayo majimbo mengi ya Marekani yameichukua na kuirekebisha, inaacha nyumba ya kuishi yenye watoto watano au pungufu iendelee kuhesabiwa kama nyumba. Wakizidi watano, jengo linaelekea kwenye kundi la taasisi au la shule, na umri unaingia kwenye hesabu: wenye miaka miwili na nusu au chini ya hapo wana masharti mazito kuliko wakubwa wao, isipokuwa vyumba vyao viko kwenye ghorofa ya kutokea nje ya jengo na kila kimoja kina mlango wa kwenda nje moja kwa moja. Ukilielewa sharti hilo umeelewa fikra nzima. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia toka, atatoka. Wa miezi minane lazima abebwe, na mlezi ana mikono miwili.

Gereji sasa. Ilijengwa kwa ajili ya gari, na hilo halifichiki. Sakafu huteremka kuelekea mlangoni ili maji yatoke, dirisha ni dogo au halipo, mlango mkubwa hauhesabiki kuwa njia ya dharura, na sakafu huenda imekunywa mafuta miaka mingi. Kuigeuza ni kubadili matumizi ya jengo, na hilo huhitaji kibali hata kama hukuongeza tofali. Kwa jengo la zamani kuna rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani sheria ya ukarabati inagusa nyumba na majengo yanayotumiwa mara kwa mara na watoto chini ya miaka sita, yaliyojengwa kabla ya 1978. Kukwangua rangi ya jengo kama hilo kwa mikono yako wikiendi moja, ili Jumatatu watoto waingie, ni kuwapa vumbi la sumu.

Lakini jambo ambalo karatasi hazilisemi vizuri ni la choo. Nyumbani, mlezi anaandaa chakula huku anaona sebule, choo kiko hatua kumi, simu iko mezani. Katika jengo la pembeni kila kitu kilichobaki nyumba kubwa ni safari, na kila safari inawaacha watoto bila mtu mzima, au inawavuta wote watoke kwa ajili ya mmoja. Nimeona watu wakipanga jengo zuri lenye kila kitu isipokuwa maji, wakisema nyumba iko hapo hapo. Haiko hapo hapo kama una watoto sita na mmoja ametapika. Choo, pa kunawia mikono, pa kubadilishia nepi, pa kuandalia chakula, sanduku la huduma ya kwanza na simu viwe chini ya paa lile lile, ama usianze. Fikiria pia nani atakushika mkono ukianguka au ukiugua ghafla. Nyumbani pengine kuna mtu mzima mwingine. Uani uko peke yako, na hakuna anayesikia.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni kwamba nyumbani kila mtu mzima anayeishi humo ni sehemu ya huduma, atake asitake. Marekani, kanuni za shirikisho zinataka wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi katika nyumba ya malezi wachunguzwe rekodi zao za jinai. Shemeji aliyekuja kukaa miezi michache naye yumo. Jengo ambalo hakuna anayeishi linampunguzia mlezi kero hiyo, na linairudishia familia sebule yake. Sitaki ionekane kana kwamba kuhama ni hasara tupu.

Bima ndiyo inayowaumiza watu kimya kimya. Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hulipia pia majengo mengine ya kiwanjani, lakini mkataba wa mfano unaotumika sana unayaacha nje majengo ambamo biashara inafanyika. Yaani kijumba kile kile kikiungua kikiwa stoo ya majembe, unalipwa. Kikiungua baada ya kuwa mahali pa watoto, unaweza kuambulia barua ya pole. Na hapo hatujagusa dhima ya mtoto aliyeumia, ambayo inahitaji bima ya biashara kwa vyovyote. Mpigie wakala wako kabla ya fundi.

Kodi, kinyume chake, ina raha mwanzoni. Tubaki Marekani, kwa sababu hesabu zake ziko wazi. Mlezi wa nyumbani mwenye leseni, au asiyeihitaji kisheria, anaruhusiwa kupunguza gharama za nyumba kwenye mapato yanayotozwa kodi hata kama chumba kinatumika pia na familia. Sharti ni kuhesabu nafasi na muda pamoja. Mwaka una saa 8,760. Tuseme unalea saa 2,500 kwa mwaka, na vyumba vinavyotumika ni asilimia 40 ya nyumba. Muda ni kama asilimia 28.5, na asilimia 40 ya hiyo ni 11.4. Hiyo ndiyo sehemu ya kodi ya pango, umeme na kadhalika unayoweza kudai. Jengo la pembeni lililotengwa kwa watoto pekee halihitaji kugawanywa kwa saa: gharama zake ni za biashara moja kwa moja.

Hapa ndipo kichekesho kilipo. Mwongozo namba 587 wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, unapoeleza maana ya nyumbani unajumuisha gereji iliyojitenga na majengo mengine ya kiwanjani. Kwa hiyo kijumba cha uani ni nyumbani mbele ya mtoza kodi, huenda si nyumbani mbele ya mtoa leseni wa California, na ni jengo la biashara mbele ya bima, siku moja, bila mtu yeyote kukosea.

Uchungu wa kodi huja siku ya kuuza. Faida ya kuuza nyumba uliyoishi husamehewa kodi hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja, au 500,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja, masharti yakitimia. Chumba cha biashara kilichokuwa ndani ya nyumba yenyewe hakiondolewi kwenye msamaha huo, isipokuwa punguzo la kodi ulilodai miaka ya nyuma kwa uchakavu wa jengo. Jengo lililojitenga ulilolitumia kwa biashara hutengewa sehemu yake ya faida, na sehemu hiyo haimo kwenye msamaha. Kwa mtu atakayeuza baada ya miaka mitatu ni swali la kumpelekea mhasibu leo.

Ruzuku ya chakula cha watoto pia hufuata daraja la leseni. Mpango wa shirikisho wa Marekani huwapokea walezi wa nyumbani kupitia taasisi mdhamini, na hulipa kwa ngazi mbili. Vituo vinaweza kujiunga moja kwa moja, na malipo yao yanategemea kipato cha familia za watoto. Ukibadilika daraja, fedha hizo hazitahesabiwa kama zamani.

Je, inafaa kuhama? Maoni yangu ni kwamba panapokubalika kubaki chini ya kanuni za nyumbani, kama Minnesota au Ufaransa, jengo la pembeni ni wazo zuri. Panapokugeuza kituo, piga hesabu upya kabisa. Njia ya dharura, king'ora cha moto, choo kinachoingilika na kiti cha magurudumu na mwalimu mwenye sifa zinazotakiwa havipungui sana eti kwa sababu watoto ni wanane. Kituo cha watoto wanane hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa kituo cha arobaini kwa ada za wanane. Asiye na nia ya kukua angefikiria kwanza kuongeza chumba kilichoungana na nyumba, ambacho mara nyingi hubaki sehemu ya makazi.

Ukishaamua, anza na ofisi ya leseni, kwa maandishi. Usiulize kama unaruhusiwa kuwa na huduma ya nyumbani, utajibiwa ndiyo. Eleza jengo: liko wapi, lilijengwa kuwa nini, nani anaishi humo, watoto wangapi na wa umri gani, nani atakuwa nao kutwa. Omba jibu linalotaja kifungu. Kisha mipango ya ardhi, kisha zimamoto, kisha bima, na saini ya mkataba wa pango iwe ya mwisho. Leseni nyingi zimefungwa kwenye anwani, kwa hiyo kuhama huwa ni maombi mapya hata kama jengo liko hatua ishirini. Ya zamani usiirudishe mpaka mpya imetoka, na watoto waendelee kulelewa sebuleni mpaka siku hiyo.